Msimwandikishe mwanafunzi mmoja mbio tatu

Ndugu Mhariri,

Mashindano ya taifa ya riadha ya shule za sekondari yakimalizika, kurasa za michezo hurudia swali lilelile: imekuwaje yule kijana aliyetamba kwenye mashindano ya kanda akaishia nafasi ya tisa kwenye fainali? Majibu hayakosekani. Presha ilimzidi, aliwadharau wenzake, kocha wake hana mbinu. Karatasi ambayo ingejibu swali hilo haifiki mezani kwa mwandishi, nayo ni fomu ya usajili. Ukiipekua utakuta jina lake mara tatu: mita 1500, mita 3000 kuruka viunzi na maji, mita 5000.

Aliyemwandikisha si mtu mbaya. Kombe la shule mara nyingi hutolewa kwa jumla ya pointi, na mkimbiaji mmoja hodari wa masafa anahesabiwa kama pointi za mbio tatu kabla hata hajavaa viatu. Lakini fanya hesabu. Mita 1500 zina mchujo na fainali. Viunzi na maji nazo zina mchujo, iwapo waliojiandikisha ni wengi. Mita 5000 huenda moja kwa moja fainali. Hizo si mbio tatu tena, ni tano, zimebanwa ndani ya siku tatu au nne. Ukijumlisha unapata kilomita 14, na hapo ndipo mtetezi wa mpango huu hucheka, maana kijana huyohuyo hukimbia kilomita 14 za mazoezi alfajiri kisha akaingia darasani.

Kilomita si tatizo. Tatizo ni kasi. Ile asidi ya misuli inayosingiziwa kila kitu huondoka damuni kwa saa moja hivi, tena huondoka haraka zaidi mtoto akikimbia taratibu kuliko akijilaza kwenye nyasi. Kinachochelewa kurudi ni wanga uliohifadhiwa misulini, ambao hata kwa mlo mzuri huhitaji takriban saa 24. Kinachochelewa zaidi ni vigimbi na mapaja yaliyopigwapigwa na viatu vya misumari kwenye tartani, yaani ule mpira unaotandikwa uwanjani, na kutua mguu mmoja kutoka juu ya kiunzi mara 28, ukiongeza mara 7 kwenye dimbwi la maji. Mtoto aliyekimbia hivyo jana anaamka anajisikia vizuri. Anapasha misuli vizuri. Anakimbia mizunguko miwili vizuri. Inapogongwa kengele ya mzunguko wa mwisho anaitafuta kasi yake ya mwisho na haipo.

Watu hunitajia Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyechukua dhahabu ya mita 5000, mita 10,000 na marathoni kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Sawa, lakini Zátopek alikuwa na miaka 29. Sifan Hassan wa Uholanzi naye alikimbia mara sita ndani ya siku tisa kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 28, akiwa na watu wa kumkanda, kumpikia na kumlaza. Hata hivyo, zile mita 1500 zilizokuwa katikati ya safari hiyo zilimpa shaba, huku mita 5000 na 10,000 zikimpa dhahabu. Msichana wa miaka 16 anayelala bwenini na wenzake ishirini tusimpimie kwa kipimo hicho. Mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18, yaliyofanyika mara ya mwisho Nairobi mwaka 2017, hayakuwa hata na mita 5000 kwenye ratiba. Mbio ndefu kuliko zote uwanjani, ukiacha za kutembea, zilikuwa mita 3000.

Kuna hatari nyingine ambayo makocha wengi wa shule hawaijui mpaka iwapate. Wapo wanaoandikisha mbio tatu kwa nia ya kuamua baadaye ipi iachwe. Kanuni za shirikisho la riadha la dunia (World Athletics), ambazo mashindano mengi ya taifa huzifuata, haziruhusu mchezo huo. Mwanariadha aliyethibitishwa kushiriki kisha asitokee, au aliyefuzu mchujo kisha akaiacha fainali, anaweza kuondolewa kwenye mbio zake zote zilizobaki, za kupokezana vijiti zikiwemo. Kutokea mstarini na kukimbia kivivu hakumwokoi, kwa sababu kanuni hiyohiyo inamgusa asiyejitahidi kwa dhati.

Mwenye shaka amkumbuke Taoufik Makhloufi wa Algeria, Olimpiki ya London 2012. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya mita 800 ilhali shabaha yake ilikuwa 1500. Akaingia mchujo wa 800 tarehe 6 Agosti, akaacha kukimbia kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Waamuzi wakamwondoa kwenye michezo yote. Alirejeshwa baada ya kuwasilishwa cheti cha daktari, na kesho yake akachukua dhahabu ya mita 1500. Yeye alikuwa na ujumbe mzima wa taifa wa kushughulikia rufaa. Shule yako itakuwa na mwalimu mmoja aliyeshika mabegi ya watoto kumi na wawili, na rufaa ina muda wake mfupi. Uamuzi wa mbio ipi iachwe ufanyike kabla ya kuthibitisha majina, si baada.

Basi mtoto akimbie ipi? Nitazamapo daftari la muda, jambo la kwanza ninalotafuta ni tofauti ya mzunguko kati ya mbio mbili. Chukua msichana anayekimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 30. Huo ni wastani wa sekunde 72 kwa mzunguko wa mita 400. Akikimbia mita 3000 kwa wastani wa sekunde 76 au 77, yuko sawa kotekote, na ratiba ndiyo iamue. Akishuka hadi 80 na zaidi, huyo ni wa 1500, labda hata wa 800, na kumpeleka 3000 ni kumchosha bure. Akibaki kwenye 74, ana injini ya mbio ndefu, na 1500 itamfunga kwa kukosa kasi ya mwisho. Halafu fungua ratiba. Mbio mbili zinawezekana pale tu fainali ya ile ndefu inapokuja baada ya fainali ya ile fupi, na zikiwa siku tofauti. Ikiwa ndefu inatangulia, chagua moja.

Sasa nije kwenye mambo yanayoharibika siku yenyewe, maana hata mtoto wa mbio moja hupotezwa na mambo madogo.

La kwanza ni saa. Watoto wetu hufundishwa muda wa mita 400, kisha hupelekwa kwenye mbio inayoanzia mahali pengine. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na mara ya kwanza mkimbiaji anapopita mstari wa kumalizia amekimbia mita 300, siyo 400. Yule msichana wa 4:30 akisoma saa ya uwanja pale mstarini anatakiwa aone sekunde 54, kisha 2:06, kisha 3:18. Asiyefundishwa hivyo anaona 54, anadhani amekimbia mzunguko mzima kwa kasi ya kichaa, anafunga breki. Au kinyume chake: anapita kwa 49, hajui kwamba amezidisha kasi, na kufika mita 1000 miguu imekuwa mizito. Mita 3000 na 5000 huanzia upande wa pili, kwa hiyo mara ya kwanza mstarini ni mita 200. Namba hizo ziandikwe kwa kalamu kwenye kiganja wiki mbili kabla ya mashindano, na mazoezi yaanzie palepale mbio inapoanzia, ili macho yazoee. Kocha naye asikimbie pembeni ya njia akipiga kelele za muda. Hiyo huhesabiwa kuwa ni msaada, na anayeadhibiwa ni mtoto.

La pili ni mchujo. Kufuzu kwa kawaida huenda kwa nafasi, mathalani wanne wa kwanza wa kila kundi, na nafasi chache za nyongeza kwa walio na muda bora. Kocha aingie uwanjani akijua idadi hiyo kwa hakika, na amwambie mtoto kwa maneno mafupi. Aliye na uwezo wa kushinda kundi lake hana sababu ya kupigania nafasi ya kwanza mita 80 za mwisho. Nafasi ya pili au ya tatu inampeleka fainali vilevile, akiwa na miguu mizima zaidi. Ila asitembee. Kila mwaka kuna anayegeuza shingo mita 10 kabla ya mstari na kupitwa na wawili kwa kupishana kiwiliwili, kwa sababu kamera ya mstarini hupima kiwiliwili, haipimi kichwa wala mkono. Aliye dhaifu kwenye kundi gumu afanye kinyume: asukume kasi mapema, kwa kuwa tumaini lake ni muda. Na kama yuko kundi la mwisho, muda wa makundi yaliyotangulia umeshabandikwa. Ni uzembe kuingia uwanjani bila kuujua.

Fainali ni mbio ya aina nyingine kabisa, na hapa magazeti hukosea zaidi. Mwandishi huona mtoto aliyekimbia mita 1500 kwa 3:56 kwenye mashindano ya kanda ameshinda taifa kwa 4:05, anaandika kwamba kiwango kimeshuka. Matthew Centrowitz alishinda fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Rio 2016 kwa 3:50.00, muda ambao vijana wengi wa sekondari wanaukaribia. Faith Kipyegon alishinda ya wanawake hapohapo Rio kwa 4:08.92, na miaka mitano baadaye huko Tokyo akashinda kwa 3:53.11. Hakuna aliyekuwa amezeeka wala kupona ugonjwa katikati. Medali haina saa. Kwenye fainali isiyo na anayejitolea kuongoza, mizunguko miwili hupita kwa mwendo wa kunyatiana, kisha mita 400 za mwisho huamua yote.

Kasi hiyo haiji kwa kuomba. Zoezi linaloifundisha ni mita 1200 mara tatu, mapumziko ya dakika 7 au 8 katikati: mita 800 za kwanza kwa mwendo wa mbio za mita 5000, kisha mita 400 ambapo kila mita 100 ni ya kasi kuliko iliyotangulia. Lifanyike siku kumi kabla ya fainali, lisisogee karibu zaidi ya hapo. Kwa ujumla wiki mbili za mwisho kilomita zipunguzwe karibu nusu, lakini kasi ya mazoezi ibaki ileile. Makocha wengi hufanya kinyume: hubakiza kilomita na kuondoa kasi, kisha wanashangaa mtoto amepoa.

Kuhusu kukaa kwenye kundi. Anayekimbia njia ya pili kwenye kona zote mbili anaongeza takriban mita 7 kila mzunguko. Kwenye mita 1500 hizo ni karibu mita 26, yaani sekunde 4 na ushei kwa kijana wa dakika 4. Nimeona wakikimbia hivyo mbio nzima kwa kuogopa kubanwa. Anayekumbatia ukingo wa ndani naye hufungiwa na miili mita 300 za mwisho, akabaki kuwatazama wenzake wakichomoka. Mahali pazuri ni nafasi ya pili hadi ya nne, ukingo wa nje wa njia ya kwanza, bega la kulia likiwa wazi. Kupita kufanyike kwenye upande ulionyooka. Kama ni lazima kona, basi kupita kuwe kwa haraka na kukamilike.

Viatu navyo vina sheria ambayo wazazi hawajaisikia. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, soli ya kiatu kwenye mbio zote za uwanjani haitakiwi kuzidi milimita 20. Kile kiatu kinene cha barabarani, ambacho huruhusiwa hadi milimita 40, hakifai hata kama ndicho ghali kuliko vyote bwenini. Misumari isizidi 11 kwa kila kiatu, na kwenye tartani isizidi milimita 9. Viwanja vingi hukubali milimita 6 tu, kwa hiyo bebeni ya 6. Ikazwe kwa ufunguo wake usiku wa kuamkia mbio, maana msumari uliolegea hutoka kwenye kona, na soketi ikijaa vumbi haufungiki tena. Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mchujo. Hili halihitaji maelezo, na bado hutokea.

Kupasha misuli huharibiwa na eneo la kuripoti. Mtoto hukimbia taratibu dakika 12 hadi 15, hufanya mazoezi ya miguu, hukimbia mita 80 mara nne au tano akiwa amelowa jasho vizuri, kisha huitwa na kukalishwa kwenye benchi dakika 20 akisubiri kukaguliwa namba na misumari. Anapofika mstarini ameshapoa. Ulizeni mapema watoto wanaripoti saa ngapi, kisha hesabuni kurudi nyuma kutoka hapo, siyo kutoka saa ya mbio. Mkimbio mmoja wa mita 200 kwa kasi ya mbio, muda mfupi kabla ya kuripoti, husaidia mwili uamke. Traksuti isivuliwe hadi amri itolewe. Simu ibaki kwa kocha. Namba ya kifuani isikunjwe, na stika ya nyongani ibandikwe upande ulioelekezwa. Na mtoto wa 1500 akumbushwe kwamba kwa mbio zinazozidi mita 400 amri ni moja kisha mlio wa bunduki. Asisubiri amri ya pili kama anavyosikia kwa wenzake wa mita 100.

Baada ya mchujo, saa nne za mwanzo ndizo zenye thamani. Wanga gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, kwa hiyo msichana wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hivi kila saa, pamoja na maji na chumvi kidogo. Akimbie taratibu dakika 10 hadi 15, kisha aondoke uwanjani. Kukaa juani jukwaani kutwa nzima akishangilia shule yake ni mzigo kamili wa mazoezi, hata kama hakuna anayeuandika kwenye daftari.

Kwa viunzi na maji nitasema moja tu. Kiunzi chake kina uzito wa kilo 80 hadi 100, hakianguki kama vile vya mita 110. Ukikigonga, unaanguka wewe. Urefu wake ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Shule isiyo na dimbwi la maji ya kufanyia mazoezi isimwandikishe mtoto mbio hizi kwa sababu tu zina washindani wachache. Atakutana na maji kwa mara ya kwanza kwenye mchujo wa taifa, atapunguza mwendo anapokaribia badala ya kuongeza, na atatua katikati ya maji, mahali penye kina, mara saba.

Na kuna jambo la wasichana ambalo halisemwi hadharani. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi. Ikipita miezi mitatu mfululizo, hiyo si dalili ya kuiva kimazoezi kama baadhi ya makocha wanavyodai. Ni dalili kwamba mwili umeanza kufunga shughuli zake, na mifupa ndiyo inayofuata. Aende kwa daktari, na damu yake ipimwe akiba ya madini ya chuma. Kumpa mbio tatu binti wa namna hiyo ni kumtafutia ufa kwenye mfupa wa mguu.

Waandaaji nao wana la kufanya, na halihitaji fedha. Ratiba yenye saa itoke kabla ya siku ya mwisho ya kuandikisha majina. Leo mara nyingi hutoka baadaye, na kocha huandikisha mbio tatu kwa kubahatisha. Mwanafunzi awekewe kikomo cha mbio mbili za kuanzia mita 800 kwenda juu. Shule zitalalamika kwa ajili ya pointi, kisha zitatafuta mkimbiaji wa pili na wa tatu, ambao wapo mazoezini kila siku wakikimbia nyuma ya huyo mmoja bila nafasi ya kwenda taifa.

Kwako, Mhariri, ombi ni dogo. Matokeo ya mashindano yajayo yachapwe pamoja na muda wa mita 400 za mwisho, si muda wa jumla peke yake; mwombeni msimamizi wa muda siku hiyohiyo. Na mbele ya kila jina kwenye fainali, iwekwe namba ndogo kwenye mabano: idadi ya mbio ambazo mtoto huyo ameshakimbia tangu mashindano yaanze.

Kocha wa mbio za masafa, shule ya sekondari